Nywele na machozi ya volkano: yapike kwa sukari uone yanavyozaliwa

Volkano ya Kīlauea, kisiwani Hawaii, ikirusha lava juu, kinachoanguka si mawe na majivu peke yake. Upepo huondoka na nyuzi za kioo zenye rangi ya dhahabu iliyoungua, na karibu na kreta, yaani mdomo wa volkano, hudondoka matone meusi yanayong'aa, mengi yakiwa na ukubwa wa milimita chache. Kwa Wahawaii, mwenye volkano ni mungu wa kike aitwaye Pele, na makazi yake ni kreta ya Halemaʻumaʻu. (Si yule wa mpira.) Ndiyo maana wanasayansi wa dunia nzima huziita nyuzi hizo nywele za Pele, na matone wakayaita machozi ya Pele. Nyuzi nyingi ni nyembamba kuliko nusu milimita, lakini kuna zinazofika mita 2 kwa urefu.

Hazipatikani Hawaii tu. Zipo Erta Ale huko Ethiopia, Masaya ya Nicaragua, Piton de la Fournaise kisiwani Réunion, zipo Iceland, na kwa wasomaji wa Kivu hii si habari ya mbali: Nyiragongo, mlima unaoutazama mji wa Goma, nao huzitoa.

Maelezo mengi utakayoyakuta yanaishia kwenye sentensi moja, kwamba upepo huivuta lava ikawa nyuzi. Si uongo, ila ni nusu ya habari, na nusu isiyosemwa ndiyo tamu. Lava ni ileile, shimo ni lilelile, dakika ni hiyohiyo. Kwa nini hapa itoke unywele na pale litoke tone? Njia ya haraka ya kuliona jibu kwa macho yako ni sufuria ya sukari. Aliyewahi kupika shira ya kaimati au visheti ameshafika nusu ya safari.

Na sukari hapa haiigizi kioo. Ikiyeyuka kisha ikapoa upesi, inakuwa kioo chenyewe: kimiminika kilichogandamana kabla chembe zake hazijapata muda wa kujipanga kuwa fuwele. Basalti, aina ya lava inayotoka Kīlauea, hufanya hivyohivyo. Tofauti kubwa ni joto, maana lava ile hutoka ikiwa na takriban nyuzijoto 1,150 za Selsiasi, na sukari yetu haitavuka 160.

Utakavyohitaji

Sukari nyeupe kikombe kimoja (kama gramu 200) na maji robo kikombe. Ndimu moja. Sufuria yenye kitako kizito, na ikiwezekana ya rangi nyeupe au ya bati linalong'aa, ili uone shira inavyobadilika rangi; sufuria nyeusi itakudanganya. Uma mbili, miiko miwili ya mbao yenye mpini mrefu, magazeti ya kutandika sakafuni, sinia lililopakwa mafuta kidogo, bakuli la maji baridi. Weka tayari na sufuria nyingine ndogo, sukari vijiko vichache zaidi, na nusu kijiko cha chai cha ile soda ya kuumulia keki.

Chagua siku kavu. Ukiwa Tanga au Mombasa wakati wa masika, nyuzi za sukari hunywa unyevu wa hewani na kulegea mbele ya macho yako, na baada ya muda mfupi umebaki na kitu kinachonata vidoleni. Kipupwe ni afadhali.

Neno la hatari, na nalisema mara moja: shira ya joto hili inaunguza vibaya kuliko maji yanayochemka, kwa sababu inang'ang'ania ngozi. Watoto wasimame mbali na jiko. Ikikurukia, usiipanguse, weka mahali hapo chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20.

Hatua ya 1: Pika bila kukoroga

Changanya sukari na maji, kamulia matone mawili matatu ya ndimu, bandika kwenye moto wa wastani. Sukari ikishayeyuka yote, weka mwiko chini. Ukikoroga shira ikiwa inachemka, chembe moja iliyoganda pembeni huingia ndani, nyingine zikaishikilia, na sufuria nzima ikarudi kuwa chenga. Chembe zilizonata kwenye kuta za sufuria ziteremshe kwa brashi iliyoloweshwa maji. Ndimu nayo ina kazi zaidi ya ladha: ukali wake huvunja sehemu ya sukari kuwa sukari nyepesi za aina mbili, na mchanganyiko huo hauna wepesi wa kuganda fuwele.

Kila baada ya dakika chache dondosha tone kwenye maji baridi. Mwanzoni utalifinya kama ubani uliotafunwa. Baadaye litakuwa gumu lakini litapinda. Siku yake ikifika, litakatika kwa mlio, kavu, bila kupinda hata kidogo. Hapo shira imefika kama nyuzijoto 150, na rangi imeanza kuwa ya manjano. Ipua.

Hatua ya 2: Kwanza tengeneza machozi

Usisubiri. Shira ikiwa bado moto sana, chovya uma, uinue kama shubiri moja na nusu juu ya sinia, uache ianguke yenyewe. Itaanguka matone, tap, tap. Mengine yatakuwa mviringo, mengine yana kimkia, na ukibahatika utaona mawili yaliyounganishwa kwa shingo nyembamba.

Tazama kilichotokea angani kabla tone halijafika siniani. Shira ilianza kuvutika, kisha ikakatika. Kinachoikata ni mvutano wa uso wa kimiminika: kila kimiminika kinapenda uso mdogo iwezekanavyo, na umbo lenye uso mdogo ni tufe. Uzi mwembamba wa maji hauwezi kudumu. Hubanwa hapa na pale ukawa msururu wa matone. Shira ikiwa moto, mnato wake ni mdogo, kwa hiyo mvutano huo unapata nafasi ya kumaliza kazi yake kabla baridi haijaingilia.

Machozi ya Pele ni hayo. Donge dogo la lava limerushwa kwa kasi isiyo kubwa, likajikunja hewani, likaganda likiwa njiani. Ukilipasua tone la Kīlauea utakuta ndani lina vipovu vya gesi, na nje ni jeusi linalong'aa. Weusi huo ni wa unene tu. Kioo kilekile kikiwa uzi mwembamba, mwanga hupenya, nawe unaona dhahabu.

Hatua ya 3: Sasa nywele

Tandika magazeti, weka miiko miwili juu ya ukingo wa meza, mipini ikitokeza nje sambamba. Subiri dakika moja au mbili. Chovya uma na uinue. Shira ikiwa bado inadondoka matone, subiri tena. Ikianza kushuka kwa uzi mmoja mrefu usiokatika, wakati wako umefika, na hautakusubiri.

Shika uma mbili migongo ikigusana, chovya, kisha zirushe mbele na nyuma juu ya mipini kwa haraka, kwa nguvu ya kifundo cha mkono, siyo bega. Nyuzi zitalala juu ya mipini kama nywele za mtoto wa Kihindi. Rudia mpaka upate tita dogo.

Sasa fanya jaribio lenyewe, ambalo ndilo sababu ya kuandika haya yote. Chovya tena kwenye shira hiyohiyo, na badala ya kurusha kwa haraka, sogeza uma polepole. Utapata matone na vipande vinene vyenye mikia. Rusha kwa kasi, utapata nywele. Joto halijabadilika, sukari haijabadilika. Kilichobadilika ni mwendo wa mkono.

Mwanasayansi wa Kijapani, Daisuke Shimozuru, alilifanyia hesabu jambo hili na kulichapisha mwaka 1994. Kwa ufupi, lava ikiruka kwa kasi kubwa hutoa nywele, ikiruka kwa kasi ndogo hutoa machozi. Ni mashindano: kasi na mnato vinavuta donge liwe uzi, mvutano wa uso unalirudisha liwe tufe, na baridi ndiyo mwamuzi anayepuliza kipenga. Umbo lolote litakalokuwepo kipenga kikilia, ndilo litakalookotwa.

Kasi yenyewe huko Kīlauea si ya uma. Mlipuko wa Kīlauea Iki wa mwaka 1959 ulirusha chemchemi ya lava iliyofika mita 580. Ukipiga hesabu ya shule, ile ya kitu kinachorushwa juu, bila kuhesabu upinzani wa hewa, lava ile ilipaswa kutoka mdomoni kwa zaidi ya mita 100 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 380 kwa saa. Donge likienda hivyo, mbele yake hewa inalizuia, nyuma yake linaburuta ulimi wa lava iliyo laini. Ulimi huo ukivutika, unakuwa mwembamba. Ukiwa mwembamba, unapoa kwa kufumba na kufumbua.

Angalia nywele zako sasa. Kwenye ncha za baadhi yake utaona kitone. Hawaii ni vilevile: chozi mara nyingi hukutwa limeshikamana na ncha ya unywele. Tone ndilo lililotangulia, uzi ni njia liliyopita. Kwa kawaida vitu hivi viwili huelezwa kama ndugu wawili tofauti, mimi naona ni afadhali kuvitazama kama ncha mbili za tukio moja.

Ukikuta nyuzi zinakuwa nene na kukatika kabla hazijavutika, shira imepoa mno. Irudishe kwenye moto mdogo bila kukoroga.

Hatua ya 4: Tia gesi

Uma wako umefanya kazi ambayo kwenye mlima hufanywa na gesi. Magma, yaani lava kabla haijatoka ardhini, ikiwa chini kabisa, imebanwa, na ndani yake zimeyeyuka gesi: mvuke wa maji, kaboni dayoksaidi, salfa dayoksaidi. Inapopanda, mbano unapungua, gesi zinatoka kama vipovu, vipovu vinakua, vinaungana, na mwishowe vinairusha lava juu na kuirarua vipandevipande. Kwenye ziwa la lava mambo ni ya upole zaidi: kipovu kikubwa kinavimba juu ya uso, ngozi yake inanyooka, inapasuka, na kingo zake zinazochanika zinavutika kuwa nyuzi. Upepo huzikamata hapohapo.

Ili uone gesi, pasha moto shira iliyobaki hadi ilainike, ipua, mimina soda ya keki, koroga mara tatu nne kwa haraka na uimwage kwenye sinia. Itaumuka. Kwa shira hii ya ndimu, hii ni hatua pekee ambayo nakuruhusu kukoroga, na uwe na sufuria kubwa kuliko unavyodhani inatosha. Ikipoa, ivunje utazame ndani: kuta nyembamba za kioo na nafasi tupu.

Kīlauea hutoa kitu cha jamii hii pale chemchemi zinaporuka juu sana. Huitwa retikulaiti, povu la kioo ambalo zaidi ya asilimia 95 ya ujazo wake ni uwazi. Unaweza kukishika kipande cha ukubwa wa ngumi usihisi uzito. Na bado ukikitia majini kinazama. Kuta za vipovu zimetoboka zote, zimebaki fremu, kwa hiyo maji yanapita moja kwa moja bila kuzuiwa na hewa yoyote.

Hatua ya 5: Iharibu makusudi

Kwenye ile sufuria ndogo, weka sukari na maji kidogo, bila ndimu. Chemsha, na safari hii koroga bila kuacha. Itakuwa nzito, itapauka, kisha ghafla itageuka mchanga mweupe, kama ile inayoganda juu ya visheti. Hizo ni fuwele. Jaribu kuvuta uzi hapo: haupo.

Lava inayopoa polepole ndani ya mtiririko mnene hufika hapohapo. Huwa jiwe lenye fuwele, na kioo hubaki kwenye ngozi ya nje tu, pale palipopigwa na hewa. Kioo kinahitaji pia malighafi inayofaa. Basalti ya Kīlauea ina silika (madini yanayotengeneza kioo) kama nusu ya uzito wake, na silika ndiyo inayojifunga minyororo na kuifanya lava isite kuganda fuwele. Lava ya Nyiragongo ina silika pungufu kuliko hiyo, chini ya asilimia 40, ndiyo maana hutiririka kwa kasi ya kutisha, lakini bado inatosha kutoa kioo. Ol Doinyo Lengai, huku kwetu Tanzania, ni mlima wa ajabu yake: lava yake maarufu ni ya kaboneti, karibu haina silika kabisa, na joto lake ni kama nyuzijoto 500 hadi 600. Hutoka nyeusi, na ikishapata unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Usiende kule kutafuta nywele za Pele.

Hatua ya 6: Tazama kwa karibu

Weka unywele mmoja wa sukari juu ya karatasi nyeusi na uutazame kwa kioo cha kukuzia, au kwa kamera ya simu iliyokuzwa. Tafuta vipovu. Havitakuwa duara; vitakuwa vimevutwa pamoja na uzi, virefu kama mirija. Nywele za Pele nazo zina mirija hiyo, na baadhi zina tundu linalopita ndani.

Kuna faida nyingine ya kitu kilichoganda ghafla: kinahifadhi hali ya magma ilivyokuwa wakati inatoka. Watafiti wa kituo cha kuchunguza volkano cha Hawaii, kilichoanzishwa mwaka 1912, walikuwa wakitega ndoo karibu na ziwa la lava la Halemaʻumaʻu, lililodumu kuanzia 2008 hadi 2018, wakikusanya nywele na machozi yanayodondokea humo. Kioo hicho kikipimwa kiasi cha magnesia (madini yenye magnesiamu), kinawaambia joto la magma: magnesia nyingi, joto kubwa. Kwa mtu asiyeweza kusogelea kreta na kipimajoto, ndoo ya plastiki si haba.

Ukizikuta zenyewe

Hapa sukari imetosha, tuzungumze kioo.

Kīlauea, tangu Desemba 23 mwaka 2024, imekuwa ikirusha chemchemi kwa vipindi ndani ya Halemaʻumaʻu, baadhi zikipita mita 300. Pepo za kawaida za pale hutoka kaskazini mashariki na kuzipeleka nywele kwenye jangwa la Kaʻū, ambako hujikusanya kwenye nyufa za mawe kama vumbi la kinyozi. Upepo ukigeuka, huangukia kijiji cha Volcano na barabara kuu. Aliye mtalii azipige picha na kuziacha. Kuchukua mawe au chochote cha namna hiyo ndani ya hifadhi ya taifa ni kosa kisheria, na kwa wenyeji ni mali ya Pele.

Usizishike kwa mkono mtupu. Hukatika vipande vidogo vinavyoingia ngozini kama miiba, huvioni ila unavisikia. Ukikanyaga penye nyingi, viatu vya kufunika. Zikianguka kwa wingi, vaa mikono mirefu, miwani na barakoa, funga madirisha. Kipande kikiingia jichoni usilifikiche, kwa sababu hapo ndipo kioo kinakwaruza. Lisafishe kwa maji safi mengi, na maumivu yakiendelea nenda hospitali. Kufagia, nyunyiza maji kwanza, kisha fagia taratibu. Ufagio mkavu unazirudisha hewani. Nguo zilizokuwa kwenye kamba zikung'ute nje kabla ya kuziingiza, na mboga za bustanini osha kwa maji yanayotiririka, jani kwa jani. Ng'ombe na mbuzi wapewe majani yaliyokatwa mahali pengine, maana wao hawachagui.

Jambo la mwisho ni maji ya paa, na hili ni la Hawaii na Goma sawasawa, kwa kuwa sehemu zote mbili kuna watu wengi wanaotegemea mvua. Nywele zikianza kuanguka, tenganisha bomba la mfereji na tangi mara moja, kabla ya mvua. Zikikoma, panda usafishe paa na mifereji, acha mvua ya kwanza imwagike chini, ndipo uunganishe tena. Kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa kwenye mdomo wa tangi hunasa nyuzi, lakini hakizuii kilichoyeyuka: moshi wa Nyiragongo hutia mvua ukali na floridi, na kuchemsha hakuondoi floridi. Kwa hiyo siku za moshi mzito maji ya paa yawe ya kufulia na kupigia deki, ya kunywa yatoke kwingine.